Saa ya Laptopu Ikichelewa, Tusiisukume Tu

Wazazi wenzangu, na nyinyi wanafunzi wetu,

Tarehe 14 Oktoba 2025 Microsoft ilimaliza huduma yake ya kawaida kwa Windows 10, na nyumba zetu nyingi zikajikuta na laptopu nzima ambayo mfumo endeshi wake umezeeka. Wengine walipandisha toleo wakaingia Windows 11. Wengine, ambao mashine zao zilikataliwa na Windows 11, waliweka Linux, ambayo haina malipo. Wote walifanya jambo la busara, maana laptopu ya miaka minane au tisa bado yamtosha mtoto kuandikia insha na kuzungumza na bibi yake aliyeko Unguja.

Lakini kuna lalamiko ambalo nimelisikia mara kadhaa mlangoni mwa skuli tunapowangoja watoto: tangu kupandisha toleo, saa ya laptopu imeanza kuchelewa. Asubuhi iko sawa. Mchana imebaki nyuma dakika kumi. Jioni imebaki nyuma karibu nusu saa. Na karibu kila mzazi ana dawa ile ile. Anafungua mipangilio, anaisogeza saa mbele, anaendelea na shughuli zake. Kesho yake anarudia.

Maoni yangu ni kwamba tuache kuisukuma. Saa inayochelewa ina sababu. Sababu hiyo mzazi na mtoto wanaweza kuitafuta wakikaa pamoja mezani, na kazi hiyo inafaa ifanywe kwa Kiswahili. Naomba nieleze kwa nini nasema hivyo, na namna ya kuanza.

Hasara yake ni nini?

Mtu atasema: dakika kumi ni kitu gani, na simu iko mfukoni? Ni swali la haki, basi tulijibu.

Hasara ya kwanza humwangukia mtoto. Skuli nyingi hapa Uingereza hupokea kazi za nyumbani kwa mtandao, na saa inayohesabiwa ni ya seva ya skuli, wala si ya laptopu ya mwanafunzi. Mtoto anayeona kwenye skrini yake kwamba zimebaki dakika ishirini, huenda ameshachelewa na hajui. Akimwambia mwalimu kwamba mashine ilionyesha vingine, atakuwa anasema kweli, lakini ukweli huo hautamrudishia alama zake.

Hasara ya pili ni kubwa zaidi, na wengi wetu hatuioni. Kila tovuti salama ina cheti chenye tarehe ya kuanza na tarehe ya kumalizika. Kivinjari hukilinganisha cheti hicho na saa ya laptopu. Saa ikiwa imekosea kwa siku nyingi au miaka, kivinjari hukikataa cheti na kutoa onyo kubwa. Mtoto mwenye haraka hutafuta kitufe cha kulipita onyo, akakibonyeza, na tovuti ikafunguka. Akifanya hivyo wiki nzima amejifunza kwamba maonyo ni ya kupitwa. Siku atakapoletewa tovuti ya matapeli, onyo litatoka kama kawaida na kidole chake kitakuwa kimeshazoea.

Hasara ya tatu ni fedha. Mashine inayokosea saa huonekana imechoka, na mwenyewe huanza kuulizia bei ya nyingine. Skuli yetu nayo ilifika hapo, na habari yake nitaieleza baada ya kidogo.

Saa mbili ndani ya laptopu moja

Wanafunzi, hapa pana hesabu zenu, kwa hiyo chukueni kalamu.

Ndani ya laptopu mna saa mbili. Ya kwanza tuiite saa ya ndani. Hiyo huendelea kwenda hata mashine ikizimwa. Kwenye laptopu nyingi hulishwa na betri ndogo ya duara mfano wa sarafu, yenye volti 3. Nyingine hutumia betri kubwa ya mashine yenyewe. Mapigo yake hutoka kwenye kijipande cha jiwe la kwatsi kinachotetemeka mara 32,768 kwa sekunde. Igawanye namba hiyo kwa mbili, kisha jibu lake kwa mbili, na uendelee hivyo. Ukifika mara ya 15 utapata 1. Ndiyo sababu mafundi waliichagua: sakiti ndogo inayogawanya kwa mbili, ikirudiwa mara 15, inatoa pigo moja kamili kila sekunde. Saa nyingi za mkononi zinazotumia betri hufanya kazi kwa namba hiyo hiyo.

Saa ya pili ni saa ya mfumo, ndiyo ile mnayoiona pembeni mwa skrini. Laptopu inapowashwa, mfumo endeshi huiuliza saa ya ndani: sasa ni saa ngapi? Ukishajibiwa huanza kuhesabu wenyewe, kwa kutumia kihesabio kilichomo ndani ya prosesa au kwenye ubao mkuu. Laptopu huwa na vihesabio zaidi ya kimoja, na mfumo endeshi ndio unaoamua utumie kipi, na kila kimoja kinakwenda kwa kasi gani.

Hapo ndipo kupandisha toleo kunapoingia. Vyuma vya mashine ni vile vile vya jana, ila mhesabu amebadilika. Toleo jipya laweza kuchagua kihesabio kingine, au likaipima kasi ya kihesabio vibaya wakati wa kuwasha. Likidhani kihesabio kinakwenda haraka kuliko kinavyokwenda kweli, sekunde za laptopu huwa ndefu kuliko sekunde za dunia, na saa huchelewa.

Jambo hili si geni. Desemba 2003 kilitoka kiini cha Linux toleo la 2.6. Toleo lililotangulia, 2.4, lilihesabu mapigo 100 kwa sekunde kwenye kompyuta za kawaida za nyumbani. Toleo la 2.6 lilihesabu mapigo 1,000. Baadhi ya laptopu za wakati ule, diski zao zikishughulika sana, hazikuwahi kulipokea kila pigo, na kila pigo lililopotea lilikuwa elfu moja ya sekunde iliyopotea. Tuseme yalipotea mapigo 40 katika kila 1,000: saa itabaki nyuma kwa asilimia 4. Zaidi ya hayo, zilikuwepo prosesa zilizopunguza mwendo ili kuokoa betri, na kihesabio chake kikapunguza mwendo pamoja nazo, basi ukichomoa chaja saa ikaanza kusinzia. Mwaka 2005, katika toleo la 2.6.13, idadi ya kawaida ya mapigo ilishushwa hadi 250 kwa sekunde, na prosesa zilizofuata zikapewa vihesabio visivyobadilika mwendo. Kasoro ilikuwa katika mapatano baina ya mfumo na mashine, na waliotupa laptopu zao walitupa kitu kizima.

Kila ugonjwa na dalili yake

Daktari haandiki dawa kabla ya kuuliza maumivu yako wapi. Kwa saa, swali ni hili: inakosea kiasi gani, na inakosea wakati gani?

Ikiwa imekosea saa nzima nzima, huku dakika zikiwa sawa, basi haichelewi. Ukanda wa saa umewekwa vibaya, au laptopu ina Windows na Linux kwa pamoja na mifumo hiyo miwili haielewani. Windows huandika saa ya mahali ulipo kwenye saa ya ndani, na Linux huandika saa ya Greenwich. Hapa Uingereza ugonjwa huu hujificha kipindi chote cha baridi, kwa kuwa saa yetu na ya Greenwich huwa moja, kisha hutokeza Jumapili ya mwisho ya Machi tunapoingia saa za kiangazi. Kwa ndugu zetu walioko Maskati tofauti ni saa nne mwaka mzima. Dawa yake ni kuuambia mfumo mmoja ufuate desturi ya mwenzake.

Ikiwa iko sawa mchana kutwa lakini ukiizima usiku asubuhi inaamka imepotea, pengine na tarehe ya miaka iliyopita, mtuhumiwa wa kwanza ni ile betri ya sarafu. Kuibadilisha ni kazi ya mtu mzima, mashine ikiwa imezimwa, chaja imechomolewa na betri kubwa imetenganishwa. Na wazazi wenye watoto wadogo, tafadhali: betri hizi zikimezwa huunguza koo la mtoto kwa ndani katika muda mfupi. Ya zamani na mpya zote ziwekwe mbali nao, na mtoto akimeza apelekwe hospitali papo hapo.

Ikiwa inachelewa kila inapolazwa kwa kufunga kifuniko, basi inakosea kuhesabu muda iliolala. Tafuta masasisho ya mfumo, na pia sasisho la programu ya ubao mkuu kutoka kwa mtengenezaji wa laptopu.

Na ikiwa inachelewa huku iko macho, imewashwa, unaitazama, basi tatizo liko kwenye kihesabio. Huo ndio ugonjwa unaokuja na toleo jipya, na ndio uliolipata darasa letu.

Laptopu ya darasa la wakubwa

Laptopu tunayoonyeshea picha na video katika darasa la wakubwa iliwekewa toleo jipya la Linux, na saa yake ikaanza kubaki nyuma. Kwa kuwa vipindi vyetu vinafuatana kwa dakika, walimu walianza kugongana mlangoni. Kamati ikawa imeshaanza kuzungumzia kununua nyingine kwa michango ya wazazi, michango ile ile inayolipia ukumbi na vitabu.

Mwanafunzi mmoja aliniambia, “Mjomba, imerudi nyuma tena, niisogeze?”

Nikamwambia, “Usiisogeze. Tuipime.”

Hatua ya kwanza ilikuwa kuzima ule mpangilio wa laptopu kujipangia saa kutoka intaneti. Watoto walishangaa, wakasema hiyo si ndiyo dawa? Ni dawa ya kutuliza. Mpangilio ule ukiwa umewashwa, saa huchelewa, kisha huruka mbele ghafla, kisha huchelewa tena, na huwezi kujua ugonjwa ni mkubwa kiasi gani. Kwenye Linux tuliuzima kwa amri timedatectl set-ntp false.

Hatua ya pili, tuliweka simu na laptopu pamoja. Saa tatu na dakika kumi asubuhi zilikuwa sawa. Simu ilipofika saa nne na dakika kumi kamili, laptopu ilikuwa saa nne na dakika saba na sekunde 36. Watoto wakaandika ubaoni: imepoteza dakika 2 na sekunde 24, yaani sekunde 144 katika 3,600. Hiyo ni asilimia 4. Kwa siku nzima ingekuwa dakika 57 na sekunde 36, karibu saa nzima. Saa ya kwatsi ya kawaida, hata iwe ya bei rahisi, hupotoka kwa sekunde chache tu kwa siku, basi tukajua hili halitokani na uchakavu.

Hatua ya tatu, tulichomoa chaja tukapima saa nyingine nzima. Jibu likawa lile lile. Kwa hiyo haikuwa habari ya kuokoa betri.

Hatua ya nne, tuliiuliza saa ya ndani kwa amri sudo hwclock. Ilikuwa sawa na simu. Betri ya sarafu ikatoka kwenye orodha ya watuhumiwa, na fedha ya betri mpya ikabaki mfukoni.

Hatua ya tano, tulitazama mfumo unatumia kihesabio gani. Linux huliandika jina lake katika faili liitwalo current_clocksource, na jirani yake kuna faili linaloorodhesha vihesabio vilivyopo. Vilikuwa vitatu: tsc, kilichomo ndani ya prosesa, hpet, kilicho nje ya prosesa, na acpi_pm, ambacho ni cha zamani kuliko hpet. Kilichotumika kilikuwa tsc. Tukabadilisha kwa majaribio, tukaweka hpet, tukapima tena saa nzima. Simu na laptopu zikafika pamoja.

Badiliko la namna hiyo hufutika mashine ikizimwa. Jumamosi iliyofuata tuliliandika kwenye mstari wa amri ambao Linux huusoma inapowaka, kisha tukauwasha upya ule mpangilio wa saa ya intaneti. Kihesabio cha hpet husomwa polepole kuliko tsc, kwa hiyo hatukukusudia kikae milele: kila likija sasisho la kiini cha mfumo, watoto huuondoa mstari ule na kupima upya. Laptopu bado iko darasani, na habari ya kununua nyingine haikuendelea.

Kazi hiyo ilichukua Jumamosi mbili, na haikula muda wa masomo. Kusoma saa mbili kwa pamoja ni dakika moja, kisha unarudi kwenye somo lako hadi saa ipite.

“Si ingejirekebisha yenyewe?”

Najua wapo watakaoniambia: acha laptopu ijipangie saa kutoka intaneti, yote haya ya nini? Nakubali kwamba mpangilio huo uwe umewashwa siku zote. Wenye Windows watauona kwenye mipangilio ya tarehe na saa, pamoja na kitufe cha kusawazisha papo hapo. Lakini una mipaka yake.

Utaratibu huo huitwa NTP, na mwaka 1985 ulielezwa kwa maandishi na David Mills, aliyekuja kuwa profesa katika Chuo Kikuu cha Delaware, Marekani. Mills alizaliwa na ugonjwa wa macho wa glakoma na hakuwa na macho mazuri maisha yake yote. Alifariki Januari 2024 akiwa na miaka 85. Karibu kila kompyuta na seva duniani leo inapata saa yake kwa njia aliyoianzisha.

Wanafunzi, njia yenyewe ni hii. Tuseme unampigia bibi kwa simu inayokawia kufikisha sauti, unamuuliza saa. Saa yako inaonyesha sekunde 0 unapouliza, na sekunde 4 unapolisikia jibu. Bibi amejibu: “Sekunde 10.” Swali na jibu vimetumia sekunde 4 njiani, basi kila upande tunaukadiria sekunde 2. Maana yake bibi alipokuwa anasoma 10, saa yako ilikuwa 2. Umebaki nyuma sekunde 8. Laptopu hufanya hesabu hiyo na seva mara kwa mara.

Lakini programu ya asili ya NTP hukubali kuurekebisha mwendo wa saa kwa sehemu 500 tu katika kila milioni, ambazo ni kama sekunde 43 kwa siku. Laptopu yetu ilikuwa inapoteza sekunde 3,456 kwa siku, mara 80 ya kiasi hicho. Saa iliyoharibika hivyo haiongozwi tena. Hurushwa mbele kila baada ya muda, na intaneti ikikatika hurudi kwenye ugonjwa wake. Wazee walisema mficha maradhi, kifo humuumbua.

Wengine watasema, mpelekee fundi. Fundi ana heshima yake, na yapo mambo ambayo hayafai kujaribiwa nyumbani. Ila ukimpelekea fundi mashine na maneno “saa inasumbua” tu, utalipia muda wake wa kutafuta. Ukimpelekea karatasi yenye vipimo vinne, umeshamfanyia nusu ya kazi, na si rahisi mtu kukuuzia kifaa usichokihitaji.

“Lakini hii ni skuli ya lugha”

Hili ndilo pingamizi ninaloliheshimu zaidi. Tunawaleta watoto Jumamosi ili wajue Kiswahili, si ili wawe mafundi wa kompyuta.

Nami nawauliza wazazi wenzangu: mtoto wako anazungumza nini kwa Kiswahili? Wengi watajibu salamu, chakula, nyimbo, na “njoo” na “kaa”. Vyote vina thamani. Lakini mtoto akiona kwamba lugha ya bibi ni ya jikoni na sebuleni tu, na kila jambo linalohitaji kufikiri ni la Kiingereza, atafanya hesabu yake mwenyewe, na Kiswahili kitabaki cha wageni. Tunapokaa naye kutafuta kwa nini saa inachelewa, anahitaji kusema “kwa sababu”, “ingawa”, “tungebadilisha hiki kingetokea nini”, “imebaki nyuma”, “imetangulia”, “haikuwa betri bali kihesabio”. Hiyo ni sarufi ngumu, na hutoka mdomoni bila mtoto kujua kwamba anasomeshwa. Ubaoni siku ile niliona “ingekuwa” na “isingekuwa” zikiandikwa na watoto ambao katika zoezi la kitabu hukwama hapo hapo.

Na saa yenyewe ni somo letu la asili. Mashine ikionyesha 9:10 tunasema saa tatu na dakika kumi. Kwenye saa ya mishale, namba yetu iko mkabala na ya kwao: 9 hutazamana na 3, 7 hutazamana na 1. Mtoto aliyepima laptopu kwa saa tatu mfululizo, kila mara akisoma namba ya skrini na kuitamka kwa Kiswahili, halisahau somo hilo. Tahadhari moja tu: saa ya Kiswahili ni ya kusoma na kutamka. Msiusogeze ukanda wa saa wa laptopu ili ionyeshe 1:00 asubuhi. Mtaharibu miadi yote ya kalenda. Tanzania na Kenya ziko saa tatu mbele ya Greenwich mwaka mzima, sisi hapa hubadilika, kwa hiyo bibi yuko mbele yetu saa tatu wakati wa baridi na saa mbili wakati wa kiangazi. Laptopu iliyowekwa sawa itaijua tofauti hiyo yenyewe.

Ninachopendekeza

Naiomba kamati yetu itenge nusu saa ya mwisho ya Jumamosi ya kwanza ya kila mwezi iwe meza ya fundi. Mzazi mmoja au wawili wenye ujuzi wakae na watoto, mashine iwe mezani, mazungumzo yawe Kiswahili. Leo saa inayochelewa, mwezi ujao chaja isiyoingia vizuri, mwingine taipu inayoruka herufi. Meza kama hiyo haihitaji fedha, na pengine itatuokolea baadhi.

Kwa wale ambao saa zao zinachelewa sasa hivi, anzeni nyumbani wiki hii. Zimeni mpangilio wa saa ya intaneti, linganisheni laptopu na simu, kisha pimeni mara nne: saa moja ikiwa kwenye chaja, saa moja ikiwa kwenye betri, saa moja ikiwa imelazwa, na usiku mzima ikiwa imezimwa. Kila kipimo kianze na laptopu iliyowekwa sawa na simu. Mtoto ndiye aandike, kwa Kiswahili, na mkimaliza washeni tena ule mpangilio. Karatasi hiyo ileteni pamoja na mashine na chaja yake. Hata kabla kamati haijakaa, mimi nitakuwepo Jumamosi baada ya kipindi cha mwisho, kwenye meza iliyo karibu na dirisha, kwa yeyote atakayependa tuipime pamoja.

Mzazi wa kujitolea, darasa la wakubwa